Salahuddin Ndani ya Chokoleti

Katikati ya miaka ya 1930, Italia nzima ilikuwa ikimsaka Salahuddin al-Ayyubi. Alisakwa ndani ya pakiti za chokoleti za Perugina na tambi za Buitoni. Kampuni hizo mbili zilidhamini mchezo wa redio ulioitwa I Quattro Moschettieri, ulioanza kusikika mwaka 1934, na mnunuzi wa bidhaa zao alikuta ndani yake kadi ndogo ya rangi yenye picha ya mmoja wa wahusika, kazi ya mchoraji Angelo Bioletto. Kadi za kujaza albamu zilikuwa 100. Nyingi zilipatikana kwa subira na fedha kidogo. Ya Salahuddin, aliyepewa lakabu ya Il Feroce Saladino, ilikuwa haionekani. Albamu iliyojaa ilileta zawadi, na aliyefikisha albamu 150 aliweza kuondoka na gari la Fiat Topolino. Watu wakawa wananunua chokoleti wasizokuwa na hamu ya kuzila, na aliyebahatika kumpata Saladini alikuwa na mali mkononi. Mwaka 1937 ikatoka filamu yenye jina hilohilo. Mwaka huohuo serikali ikaingilia kati na mashindano yakakoma.

Miaka hiyo Chovae nayo ilikuwa chini ya bendera ya Italia. Kisiwa hiki, pamoja na Koyama na Chula, ni miongoni mwa vile vilivyokaliwa na watu katika mlolongo wa visiwa vya Wabajuni, unaoshuka kutoka Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya. Ni nchi ya matumbawe, ya wavuvi na wakata boriti, yenye magofu ya mji wa kale. Watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwao, kama kwa Waislamu wote, Salahuddin ni yule aliyeirudisha Quds mwaka 1187. Ibn Shaddad, kadhi na mwandishi wa sira yake, ameeleza kwamba alipofariki Dameski mwaka 1193 hazina yake ilikuwa na dirhamu 47 na sarafu moja ya dhahabu. Hakuacha nyumba, shamba wala bustani. Mtu aliyegawa kila kilichopita mikononi mwake akafanywa, baada ya karne saba na nusu, kikaratasi ambacho watu walilimbikiza makasha ya chokoleti ili wakimiliki wao na mwenzao akikose.

Hapo ndipo swali linapozuka, nalo ni la kidini kabla halijawa la kibiashara. Kitu kikiwa adimu, huo uadimu ni mali ya nani? Kadi yenyewe ni karatasi na wino, na gharama ya kuichapa haizidi ya kadi ya jirani yake. Anayelipia bei kubwa halipii karatasi. Analipia ukweli kwamba wengine hawanayo. Je, mtu anaweza kwa haki kuuza kukosa kwa wenzake?

Jibu halipatikani bila kuangalia uadimu umetoka wapi, na hapa historia ya Marekani inasaidia, kwa kuwa huko ndiko watengenezaji wa peremende walikoigeuza kadi kuwa biashara nzito. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni kama American Caramel ya Pennsylvania ziliweka picha za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za peremende, wakati kampuni za tumbaku zikifanya hivyo kwenye sigara. Wakusanyaji wa leo huziita kadi za peremende kwa herufi E na za tumbaku kwa herufi T, mpangilio uliowekwa na Jefferson Burdick, ambaye habari zake zitafuata. Ya T iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Honus Wagner, iliyochapwa kati ya 1909 na 1911 na kuondolewa mapema. Moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25.

Lakini kwa swali letu, kadi inayofundisha zaidi ni ya kampuni ya chingamu ya Goudey, mjini Boston. Mwaka 1933 Goudey ilitoa mfululizo wa kadi 240. Pakiti iliuzwa senti moja, na ndani mlikuwa na chingamu na kadi nene ya karibu sentimita 6 kwa 7, picha ya rangi mbele, namba na maelezo mafupi ya mchezaji nyuma. Namba ndiyo iliyowaongoza watoto: walijua wanazo ngapi na wamepungukiwa ngapi. Walichokuwa hawajui ni kwamba namba 106 haikuchapwa. Mtoto aliyetaka kukamilisha alinunua chingamu wiki baada ya wiki akitafuta kitu ambacho hakikuwepo duniani. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1934 kampuni ilichapa kadi hiyo, ikiwa na picha ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekwisha kustaafu miaka mingi nyuma, na kuwatumia kwa posta waliokuwa wameandika barua. Baadhi ya zilizosalia zina mkwaruzo mdogo kwenye ukingo, alama ya kibanio kilichoishika kadi na barua pamoja. Leo alama hiyo huchunguzwa kwa lenzi na wanunuzi matajiri. Ni kovu la dai la mtoto.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kubandua mpira wa ndani ya kizibo cha soda akitafuta herufi iliyobaki ili apate zawadi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anaijua ile kiu ambayo soda haiikati.

Fiqhi ina maneno ya kuyasema hapa. Wanazuoni wengi wa zama hizi hutofautisha: anayenunua bidhaa kwa sababu anaihitaji, kwa bei yake ya kawaida, akakuta zawadi, hiyo ni halali yake, ila anayenunua bidhaa asiyoihitaji ili tu apate nafasi ya kukipata kitu kilichofichwa, huyo amesogea kwenye gharari na kamari, kwa maana ametoa fedha hajui anapokea nini. Hukumu hiyo inamtazama mnunuzi. Muuzaji naye ana yake. Wafuasi wa Shafi, kwa kauli iliyo maarufu, hulihusisha katazo la kuhodhi na vyakula vinavyowaweka watu hai, kwa hiyo mwenye kuficha kadi ya picha hahesabiwi mhodhi kisheria. Lakini kuna hadithi inayojulikana na kila mtoto wa chuo, ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka alikuwa ameweka kavu juu na mbichi chini. Kosa lake halikuwa kuuza nafaka mbichi. Kosa lilikuwa kuipanga ili mnunuzi asiione. Goudey iliandika 240 juu na kuweka 239 chini.

Kwa hiyo uadimu wa namna hii si sifa ya kitu hata kidogo. Ni kitendo. Kuna mtu ameketi ofisini akaamua idadi, na uamuzi wake ukaingia mfukoni mwa mwenzake kwa jina la bahati. Kumwita Saladini wa Perugina “nadra” bila kumtaja aliyemfanya nadra ni kuficha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo yenye hukumu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili kwa upande wa dhahabu na fedha. Katika kitabu chake cha Ihya anaeleza kuwa dinari na dirhamu havina faida kwa nafsi zao. Vimewekwa viamue kati ya mali nyingine, na anayevifungia ni sawa na aliyemfunga kadhi gerezani, watu wakabaki bila wa kuwahukumia. Mtu anaweza kuuliza kadi ya chokoleti inahusiana nini na hukumu hiyo. Inahusiana, kwa sababu kadi adimu leo inafanya kazi ya dinari: inawekwa kabatini, inangoja bei, na hakuna anayeitazama. Wapo wanaozifungia katika vifuko vya plastiki ngumu vyenye namba ya daraja na kuzihifadhi kwenye hazina za kampuni, zikinunuliwa na kuuzwa bila hata kuhamishwa.

Ila si kila uadimu umetengenezwa kwa hila, na Chovae yenyewe inatoa mfano. Mwaka 1915, ili kuivuta Italia upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza na wenzake waliiahidi fidia katika makoloni. Ahadi hiyo ikalipwa kwa ardhi ya Wasomali, Wabajuni na wengineo ambao hawakuulizwa. Mkataba ulitiwa saini Julai 15, 1924, na katikati ya 1925 Jubaland, nchi iliyo ng’ambo ya mto Juba pamoja na Kismayu na visiwa vyake, ikatolewa katika Kenya na kukabidhiwa kwa Waitalia. Waliiita Oltre Giuba, wakampa Corrado Zoli aisimamie, na baada ya mwaka mmoja tu, katikati ya 1926, wakaiunganisha na Somalia ya Italia. Kama nchi yenye jina lake, ilidumu mwaka mmoja.

Mwaka huo mmoja ulitosha kuwa na stempu. Za kwanza zilitoka Julai 29, 1925: zilikuwa stempu za kawaida za Italia, juu yake kumepigwa maneno OLTRE GIUBA kwa herufi kubwa. Ukiishika moja unaona uso wa Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu, na jina la nchi ya mbali limemkanyaga, kana kwamba hapakuwa na muda wa kuchora kitu kipya. Mwaka 1926 wakatoa nyingine zenye ramani ya nchi hiyo, wakati uhai wake umekaribia kwisha. Wakusanyaji wa Ulaya walizipenda tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya stempu za makoloni ya Italia ziliishia kwenye albamu zao bila kubandikwa kwenye barua. Iliyo na thamani ya kweli, kwa mtu anayejali historia, ni bahasha iliyosafiri: yenye muhuri wa posta ya Kismayu na tarehe ya miezi hiyo michache. Hiyo haikufanywa adimu na mfanyabiashara. Imefanywa adimu na mkataba ulioandikwa mbali, na zama zilizopita haraka.

Basi zipo namna mbili, na kuna ya tatu iliyo chungu zaidi: uadimu unaotokana na maangamizi. Mwaka 1952 kampuni ya Topps, watengenezaji wa chingamu wa Brooklyn, walitoa kadi za besiboli, zikiwemo za mchezaji Mickey Mantle. Za awamu ya mwisho hazikununuliwa. Kwa maelezo ya Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyezibuni, mwaka 1960 alizipakia kwenye tishari na kuzimwaga katika bahari ya Atlantiki, kwa sababu zilikuwa zinajaza ghala. Hasara hiyo ndiyo iliyoipa bei ile iliyosalia. Kadi moja safi ya Mantle ya 1952 ilinunuliwa mwaka 1991 kwa dola 50,000, na mwaka 2022 iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Ni mara 252.

Mwaka 1991, ule ule ambao mnunuzi wa Marekani aliweka kadi yake mahali pa salama, serikali ya Somalia ilianguka. Wabajuni, watu wachache wasio na jeshi la ukoo, walishambuliwa na wanamgambo. Walinyang’anywa mashua, nyavu na nyumba, na wengi wakaingia baharini kuelekea Kenya. Familia nzima zilifika kwenye kambi karibu na Mombasa zikiwa na nguo zilizovaliwa. Vyeti, hati, picha za harusi, barua za baba aliyekuwa baharia, vyote vilibaki nyuma au vililowa njiani. Serikali iliyotoa karatasi zao haikuwepo tena ya kutoa nyingine.

Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walikuta mlango unaodai uthibitisho. Kwa kukosa karatasi, ulimi ukawa cheti. Mwombaji aliulizwa majina ya visiwa, namna ya kuvua, wapi maji ya kunywa yalichotwa, na sauti yake ilirekodiwa ili ipimwe kama ni ya Kibajuni au la. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la huko lilitoa uamuzi wa mwongozo ambao jina lake lenyewe linawataja Wabajuni na uwezo wa kuzungumza Kibajuni. Tafakari hili: kadi ya besiboli ina mtaalamu anayeithibitisha, mfuko mgumu, namba na bima. Mtu wa Chovae alitakiwa ajithibitishe mwenyewe kwa maneno ya mdomo, mbele ya asiyewahi kukiona kisiwa chake.

Hili halimfanyi mkusanyaji wa kadi kuwa mkosaji. Hakuna aliyenyang’anywa mashua Chovae kwa sababu mtu fulani wa New Jersey alipenda besiboli. Linaonyesha tu kwamba uangalifu wa binadamu kwa kitu kidogo unaweza kuwa mkubwa mno, kwamba uwezo huo upo, na kwamba kinachobaki ni kuulizana unaelekezwa wapi na kwa ajili ya nani. Na kumlaani mkusanyaji moja kwa moja kungekuwa kosa lingine, kwani bila watu wenye tabia hiyo ya kuokota, kupanga na kuandika, hata bahasha ya Kismayu ya 1925 isingekuwepo ya kuzungumziwa. Waswahili wanajua kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Jefferson Burdick ni mtu wa kusimama naye hapa. Alikuwa fundi wa kiwandani Syracuse, jimbo la New York, akiunganisha vifaa vya umeme; hakuwa na mali, hakuoa, na baridi yabisi ilimla viungo hadi vidole vikawa havikunjuki vizuri. Alikusanya vikaratasi ambavyo wenzake walivitupa: kadi za sigara, za peremende, za chingamu, matangazo, postikadi. Mwaka 1939 alichapisha katalogi yake, ile yenye herufi E na T. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kuvitoa vyote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York: zaidi ya vipande 300,000, vikiwemo zaidi ya kadi 30,000 za besiboli, ikiwemo ya Honus Wagner. Sharti lilikuwa zipangwe na kubandikwa kwenye albamu ili watu wazione, na kazi hiyo aliifanya kwa mikono ile iliyokwisha kulemaa, mwaka baada ya mwaka. Aliimaliza Januari 1963. Machi mwaka huohuo alifariki.

Burdick hakuwa Mwislamu, lakini alichofanya kina jina kamili katika sheria yetu: ni wakfu. Mali imesimamishwa, haiuzwi, hairithiwi, na manufaa yake yanawaendea watu. Wanunuzi wa leo husikitika kwamba alizibandika kwa gundi, jambo linaloshusha bei. Kwa mtazamo wa wakfu, gundi ile ndiyo iliyoziokoa na bei.

Sheria ya zaka nayo inaitazama nia kwa ukaribu kuliko watu wanavyodhani. Kwa wafuasi wa Shafi, kitu ulichokipata kwa ajili ya kukitumia au kukifurahia hakina zaka, hata kikipanda thamani. Ulichokinunua kwa nia ya kukiuza ni bidhaa ya biashara, na mwaka ukitimia kikiwa kimefikia nisabu kinatolewa asilimia 2.5 ya thamani yake. Tena nia ya biashara inahesabiwa tangu siku ya kununua. Mwenye albamu ya stempu za Oltre Giuba, au kadi za Goudey, hawezi kuikwepa hukumu hii kwa kusema anapenda historia wakati moyoni anangojea mnada. Hakuna shahidi atakayeitwa juu ya hilo. Ni yeye na Mola wake.

Chovae yenyewe imekusanywa vipi? Kwa vipande. Elliott, ofisa wa Kiingereza, alichapisha maelezo ya safari yake visiwani katika jarida la London wakati uleule nchi inakabidhiwa kwa Waitalia. Vinigi Grottanelli, mwanaanthropolojia wa Roma, alifika pwani hii mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mwaka 1955 akatoa kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa Kibajuni. Neville Chittick alipita akipima magofu na kuandika ripoti mwaka 1969. Kila mmoja aliondoka na kitu, na vilivyoandikwa vingi viko katika Kiingereza na Kitaliano, kwenye maktaba ambazo mvuvi wa Koyama hazifikii.

Kazi ya Derek Nurse, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Memorial nchini Kanada, ilikwenda njia tofauti kidogo. Amekusanya kwa miaka mingi msamiati, sarufi, masimulizi na maelezo ya visiwa na koo za Wabajuni, kisha akayaweka kwenye intaneti ayasome anayetaka bila malipo. Hapa uadimu unageuka kabisa. Ukichukua neno la Kibajuni kutoka humo, hujampunguzia mwingine. Kadiri wanaolichukua wanavyozidi, ndivyo lilivyo salama zaidi. Hakuna kadi namba 106 katika mkusanyo wa namna hiyo, kwa sababu hakuna anayefaidika kwa kuificha.

Kinachokosekana humo ni vile vilivyobaki mikononi mwa watu: picha chache zilizovuka bahari, hati za nyumba zilizofichwa kwenye sanduku, majina ya visima na mapango ya pweza, nasaba zinazosomwa msibani. Vinaweza kupigwa picha kwa simu na kunakiliwa bila mwenyewe kunyang’anywa asili yake. Wa kuanza nao ni wazee waliozaliwa Chovae, Koyama na Chula kabla ya uhuru wa 1960, ambao baadhi yao sasa wanaishi Mombasa, Malindi na Lamu, na wa kuwauliza ni wajukuu zao.